Popapu bado zinauza, au tunafukuza wateja kwa mikono yetu? Wenye maduka na blogu tukutane hapa

#1 Mleta uzi (Dar)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba wazoefu wa kuuza mtandaoni mnisaidie.

Nina duka la mashuka na mapazia. Stoo iko Kariakoo, tovuti ina mwaka wa nne. Wateja wengi wananipata Google au Instagram, wanaangalia bei kwenye tovuti, kisha wanahamia WhatsApp kuweka oda. Baada tu ya Iddi nilimlipa kijana mmoja akaniwekea popapu. Mtu akiingia, sekunde mbili hazijaisha, dirisha linafunika kioo chote: "Acha namba yako upate punguzo la asilimia 10." Wiki ya kwanza nilifurahi kweli. Namba zilikuwa zinaingia usiku na mchana, nazinakili kwenye daftari.

Mwisho wa mwezi nikafunga hesabu. Oda zimeshuka, na zimeshuka kwa kuonekana. Nikiwapigia wale wa kwenye daftari, wengine wananiuliza mimi ni nani. Halafu mama mmoja wa Dodoma, mteja wangu tangu mwaka wa kwanza, akanipigia: "Mwanangu, siku hizi duka lako linataka namba yangu kabla sijaona hata foronya." Maneno hayo yamenikaa kichwani.

Kijana aliyeniwekea anasema popapu ndizo zinazokuza biashara duniani kote na nikiitoa nitajuta. Naomba mwenye uzoefu aniambie ukweli: bado zinafanya kazi au zilishapitwa na wakati?

#2 Fundi tovuti (Arusha)

Dada, karibu. Kwanza tutenganishe mambo, maana jina moja limebeba vitu vitatu.

Popapu ya asili ilikuwa dirisha jipya kabisa la kivinjari (ile programu ya kufungulia tovuti), linafunguka lenyewe juu ya ukurasa unaosoma. Ilizaliwa Marekani miaka ya 1990 kwenye huduma ya tovuti za bure iliyoitwa Tripod. Mmoja wa wafanyakazi wake, Ethan Zuckerman, ndiye aliyeandika msimbo wake. Kampuni ya magari ilikuwa imelalamika baada ya kuona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono, ndipo wakafikiria kulitenga tangazo kwenye dirisha lake lenyewe. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika makala kwenye jarida la The Atlantic akaomba radhi hadharani.

Hiyo ilishakufa. Vivinjari vya Opera na Mozilla vilitangulia kuizuia, kisha Agosti 2004 Microsoft wakatoa sasisho la Windows XP liitwalo SP2, na kivinjari chao cha Internet Explorer kikaanza kuifungia bila mtu kugusa mpangilio wowote. Mwaka huo huo Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alichapisha matokeo ya watumiaji waliohojiwa kuhusu matangazo ya mtandaoni: asilimia 95 waliichukia ile inayoruka mbele ya ukurasa. Kivinjari cha leo hakiruhusu dirisha jipya lifunguke mpaka mtu awe amebonyeza kitu.

Aina ya pili ni popanda, dirisha linalojificha nyuma ya ukurasa. Hii inaishi kwa kuvizia: unabonyeza popote, hata kwenye nafasi tupu, ule mguso wako ndio unaotumika kama ruhusa ya kufungua tangazo la kamari.

Aina ya tatu ndiyo yako. Ni pazia linaloshushwa ndani ya ukurasa wenyewe. Kivinjari hakiizuii, kwa sababu kwake ni sehemu ya ukurasa kama picha au aya nyingine. Kwa hiyo swali lako linahusu hii ya tatu tu, na jibu langu ni kwamba inafanya kazi. Ila ya kwako imewekwa mahali pabaya.

#3 Mwenye blogu ya ajira (Mwanza)

Mkuu wa Arusha umeisema popanda kama mwizi, wengine ndiyo inatulisha. Mimi nina blogu ya ajira na matokeo. Siku NECTA wakitoa matokeo ya kidato cha nne, watu wanaoingia kwa saa sita ni sawa na wa mwezi mzima. Baneri, lile tangazo la picha lililotulia ndani ya ukurasa, haiguswi na mtu. Popanda inalipa kwa kila watu 1,000 wanaoifungua, wabonyeze wasibonyeze. Nilikataliwa AdSense (mpango wa matangazo wa Google) mara mbili, sasa mlitaka nile nini? Inafanya kazi, na ushahidi ni hela niliyopokea.

#4 Mdau wa matangazo (Mombasa)

Salaam kwenu nyote. Nimefanya kazi hii miaka saba, zaidi na kampuni za safari na hoteli za huku pwani, nami nimeona popapu ikiuza vizuri sana.

Takwimu ninayoirudia kwa wateja wangu ni ya Sumo, waliokuwa wakitengeneza programu za popapu. Walipitia popapu zilizoonyeshwa karibu mara bilioni 2, wakapata wastani wa asilimia 3.09 ya walioiona waliojaza. Zile bora, asilimia 10 ya juu, zilifika 9.28. Ukilinganisha na baneri za siku hizi, hiyo ni dunia nyingine. Baneri ya kwanza, ile ya AT&T kwenye tovuti ya HotWired Oktoba 1994, inasemekana ilibonyezwa na asilimia 44 ya walioiona, lakini ilikuwa kitu kigeni. Macho ya watu yalishajifunza kuruka baneri.

Lakini sikiza vile wateja wangu walivyo. Anayenunua safari ya Tsavo yuko Ujerumani, amekaa mbele ya kompyuta, anapanga likizo ya miezi minane mbele. Barua pepe anaisoma. Tunamngoja asome ukurasa mzima wa safari. Akipeleka kipanya juu kuelekea kufunga, ndipo tunamtolea dirisha: tukutumie ratiba ya siku kwa siku pamoja na bei? Anaacha barua pepe, na tunaongea naye miezi sita. Mteja wa shuka hana miezi sita, anataka shuka Ijumaa. Tena yuko kwenye simu, na simu haina kipanya cha kuonyesha kwamba mtu anataka kuondoka.

#5 Msomaji tu (Morogoro)

Mimi siuzi chochote, mimi ni mnunuzi. Naomba mnisikilize na mimi.

Nikinunua bando la siku nalihesabia. Nikafungua duka nikaona kioo kimefunikwa, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kile ki-x. Mara nyingi kimechorwa kwa kijivu juu ya kijivu, kidogo kuliko ncha ya kidole changu. Nikikikosa napelekwa pengine. Kwa kivinjari cha Opera Mini kuna tovuti ambazo hilo dirisha huwa halifungiki kabisa, linabaki limeziba bei. Hapo sina hasira na mtu, narudi tu Google nafungua duka linalofuata. Mwenye duka hatajua kamwe kwamba nilikuja.

#6 Fundi tovuti (Arusha)

Hapo kwa Opera Mini umesema kweli, ndugu. Kwenye hali yake ya kubana data sana, ukurasa unapikwa kwenye kompyuta zao kwanza ndipo unatumwa kwenye simu, na misimbo mingi inayotegemea kusubiri sekunde kadhaa au kufuatilia kidole inakatika njiani. Mwenye duka anajaribu kwenye simu yake nzuri yenye Chrome, kivinjari cha Google, anaona kila kitu safi.

Sasa nirudi kwa dada. Kuna mambo mawili umeyachanganya, na usiponisikiliza utafanya uamuzi sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

La kwanza: umeweka popapu baada ya Iddi. Unauza mapazia na mashuka! Watu wamebadilisha mapazia kabla ya sikukuu. Mauzo yako yangeshuka hata kama hukugusa kitu. Huwezi kulinganisha mwezi wa mfungo na mwezi unaofuata halafu ukailaumu popapu.

La pili ni kubwa zaidi: hata ukiwa na namba 300 kwenye daftari, hayo si mauzo. Chukua ule wastani wa Mombasa. Watu 1,000 wakiingia, 31 wanaacha namba. Tuseme bila popapu watu hao 1,000 wangekupa oda 20. Swali la maana ni kama sasa unapata zaidi ya 20, ukijumlisha oda za papo hapo na zile za hao 31. Huenda nusu ya hao 31 wangenunua tu hata bila punguzo. Na punguzo lenyewe limekugharimu kiasi gani? Shuka la 45,000 ukitoa asilimia 10 umetoa 4,500. Kama faida yako kwa shuka ilikuwa 9,000, umegawa nusu ya faida kwa mtu aliyekuwa ameshaamua kununua.

Fanya hivi. Mwambie kijana wako agawe wageni katikati: nusu waone popapu, nusu wasione, siku zile zile, ili mwisho wa mwezi na mishahara viwaguse wote sawa. Kisha kwenye kitufe cha WhatsApp atumie kile kiungo cha wa.me, kinachofungua WhatsApp yako kikiwa na ujumbe ulioandikwa tayari. Walioona popapu ujumbe wao uanze na "Oda M1", wasioona uanze na "Oda M2". Mteja anabonyeza kutuma, wewe unahesabu kwenye simu. Hakuna programu ya kununua.

#7 Mleta uzi (Dar)

Mkuu, hilo la Iddi sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na faida yangu kwa shuka ni ndogo kuliko uliyoitaja. Asante sana. Kijana amekubali, tunaanza Jumatatu. Nitarudi na hesabu.

#8 Mdau wa matangazo (Mombasa)

Huku tukisubiri, nimjibu ndugu wa Mwanza, maana wako vijana wengi wanaanza blogu na wanafuata njia hiyo.

Ndugu yangu, sikatai kwamba ulilipwa. Lakini tazama Google walivyokuwa wakiibana hiyo njia mwaka hadi mwaka. Tarehe 10 Januari 2017 walianza kushusha kwenye matokeo ya utafutaji ukurasa wa simu unaomfunika mtu akitoka tu Google. Februari 2018 Chrome ikaanza kuzuia matangazo kwenye tovuti zinazovunja viwango vya Coalition for Better Ads (muungano wa kampuni unaopanga viwango vya matangazo mtandaoni), kwanza Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na kuanzia 9 Julai 2019 ikawa dunia nzima. Tovuti ikishindwa, Chrome haiondoi lile tangazo baya peke yake. Inazima matangazo yote yaliyomo. AdSense nao sera zao zinakataa tovuti yenye popanda zinazomsumbua msomaji. Kwa hiyo huenda ulikataliwa kwa sababu ya ile ile unayosema ilikuokoa.

Na wewe dada, sheria hiyo ya 2017 inakugusa. Haiangalii kama dirisha ni tangazo la mtu mwingine au ni lako mwenyewe la kuomba namba. Inaangalia kama linamfunika mtu aliyetoka kutafuta. Yale ya lazima, kama kuuliza umri au ridhaa ya vidakuzi (cookies), na vile vibao vidogo vinavyoachia ukurasa uonekane, hayana shida.

#9 Mwenye blogu ya ajira (Mwanza)

Nimesoma, nikakaa nayo siku mbili. Nitasema ukweli wote. Mwaka wa kwanza ilinilipa vizuri. Mwaka wa pili matokeo yalipotoka, watu walioingia walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia, na waliokuwa wakirudi kila wiki kutafuta ajira walipotea karibu wote. Mimi nililaumu ushindani.

Kilichoniumiza zaidi ni kitu kingine. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, alifungua blogu yangu kuangalia tangazo la mafunzo, ikamfungukia picha chafu. Alinionyesha simu bila kusema neno. Mtandao ulioniletea matangazo hayo ulikuwa umeniahidi kuwa hautaleta mambo hayo. Niliandika kulalamika, sikujibiwa.

Bado sijaitoa, kwa sababu kodi ya chumba inalipwa na hiyo. Natafuta njia ya kuitoa.

#10 Fundi tovuti (Arusha)

Mdogo wangu, pole sana, na asante kwa kusema.

Ukiwa na wasomaji wanaotafuta ajira, una kitu ambacho dada wa mashuka hana: watu wanaotaka kwa moyo wao wote uwakumbushe. Mtu amemaliza kusoma tangazo la kazi ya uuguzi. Weka mwishoni, chini kabisa, kitufe: "Nijulishe nafasi nyingine za uuguzi." Akibonyeza ndipo dirisha lifunguke, achague mkoa, ajiunge na chaneli yako ya WhatsApp ya kada hiyo. Popapu iliyofunguliwa na mkono wa msomaji mwenyewe hakuna kivinjari kinachoizuia wala Google anayeiadhibu. Ukiwa na wauguzi 2,000 kwenye chaneli moja, vyuo vya afya na wauza vitabu vya mitihani ya usajili watakutafuta wenyewe. Itachukua miezi. Toa popanda kwenye kurasa za ajira kwanza, ubakize za matokeo mpaka ujipange, kama lazima. Ila picha zile zisirudi hata siku moja, bora uzime zote.

#11 Mwanasheria mchanga (Dodoma)

Nagusa kidogo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Namba ya simu ni taarifa binafsi. Ukimwomba mtu namba kwa ajili ya punguzo, humo humo umweleze utaitumia kwa nini, na usiitumie kwa jingine. Anayekusanya anatakiwa pia kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lile daftari la namba, dada, usimpe wala usimuuzie mtu mwingine, hata akikuahidi nini.

#12 Mleta uzi (Dar)

Nimerudi wakuu. Wiki tatu zimetimia. Oda M1, walioona popapu: 29. Oda M2, wasioona: 41. Hao 29 nimejumlisha na walioacha namba kisha wakanunua baadaye. Kwa hiyo naitoa leo, sawa?

#13 Fundi tovuti (Arusha)

Usiitoe leo. 29 na 41 bado ni namba ndogo, bahati ya siku mbili za mvua inaweza kuleta tofauti hiyo. Najua inakuuma, lakini vumilia wiki tano tena. Kwa sasa punguza makali: isitokee sekunde ya pili.

#14 Mdau wa matangazo (Mombasa)

Hapana ndugu, hapo tutofautiane. Ukibadilisha kitu katikati ya jaribio umeliharibu. Aiache vile ilivyo mpaka mwisho, ama aanze upya. Angalau mama wa Dodoma amtumie kiungo cha moja kwa moja cha WhatsApp asipite huko.

#15 Fundi tovuti (Arusha)

Uko sahihi. Nimekosea hapo. Dada, iache kama ilivyo.

#16 Mleta uzi (Dar)

Wakuu, wiki nane zilishatimia. M1: 71. M2: 104. Nimehesabu mara tatu, mara ya mwisho na mume wangu pembeni akinisomea. Niliitoa usiku ule ule.

Lakini nimejifunza jambo lingine nikisoma zile meseji moja moja. Wateja wa mikoani, karibu wote, swali lao la kwanza kabla ya rangi wala saizi ni: "Kunifikishia ni shilingi ngapi?" Wengi nikichelewa kujibu wanapotea. Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kinawazuia, wala hawakuwa wakisubiri punguzo. Miaka minne najibu swali hilo hilo kwa mkono na sikuwahi kuliandika popote.

Kwa hiyo kijana ameniwekea kitufe chini ya bei ya kila shuka: "Gharama ya kunifikishia." Ukibonyeza, dirisha dogo linafunguka, nusu ya kioo tu, linauliza mkoa. Ukichagua, linakuambia: "Mbeya: mzigo unapanda basi stendi ya Magufuli jioni, unaupokea kesho yake, nauli ya mzigo ni hii." Chini yake: "Ukitaka nikupigie mzigo ukipanda basi, andika namba yako. Nitaitumia kwa mzigo huu tu." Namba si lazima. Ki-x nimekifanya kikubwa, kimeandikwa FUNGA kwa maneno.

Siku kumi sasa. Walioacha namba ni wachache mno kuliko zamani, hata ukurasa mmoja wa daftari haujajaa. Ila nikiwapigia wanajua mimi ni nani, na wengi tayari wameshanitumia jina la stendi wanayopokelea.

#17 Msomaji tu (Morogoro)

Nimefungua sasa hivi. Linafunguka haraka na linafungika. Jambo moja: nikigusa sehemu ya namba, kibodi ya simu inapanda na kufunika kile kitufe cha kutuma, sikioni mpaka nifunge kibodi.

#18 Mleta uzi (Dar)

Asante sana ndugu yangu, kwenye simu yangu hakikufunikwa kwa sababu kioo ni kirefu. Nimempigia kijana, anapandisha kitufe juu ya sehemu ya namba na kuweka kibodi ya tarakimu pekee. Naomba ujaribu tena kesho asubuhi kwa simu hiyo hiyo uniambie.